Elektroliti ya seria na kabonati: mbona kipimo kimekwama kwenye nusu?

Mchanganyaji_Tudor
Salaam wakuu. Kidonge changu, elektroliti (tabaka la kupitisha ioni) ya seli ya fueli, ni seria, yaani oksidi ya seriamu, iliyotiwa samari (Ce0.8Sm0.2O1.9) asilimia 70 kwa uzito, zilizobaki ni kabonati za lithiamu na sodiamu. Kipenyo mm 13, unene mm 1, rojo ya fedha pande zote mbili kama elektrodi. Chini ya nyuzi 450 hakipitishi cha maana, karibu na 490 kinaruka ghafla. Hapo sawa. Lakini kwa nyuzi 600 impidansi (ukinzani kwa mkondo geu) inanipa omu 1.5, yaani upitishaji wa 0.05 S/cm, na wengi hupata 0.1 hivi. Tena vidonge vya unga uleule havilingani. Niongeze kabonati?

Kauri001
Usiongeze. Ikipita asilimia 35 hivi kidonge hulegea na kabonati huvuja hadi kwenye elektrodi.

Piga hesabu kwanza: eneo ni sentimita mraba 1.33, kwa hiyo kwa 0.1 S/cm ukinzani wote ungekuwa omu 0.75 tu. Waya nyembamba zinazoingia tanuruni zaweza kula nusu omu na ushei. Toa kidonge, gusanisha waya, pandisha tanuru hadi 600 ileile, pima, kisha uitoe namba hiyo kwenye ile ya kidonge. Ukizipima zikiwa baridi, utatoa pungufu. Waya nne ni bora zaidi: mbili za mkondo, mbili za volti. Na kwa joto hilo, kwenye mchoro wa impidansi, usitafute nusuduara ya kauri. Soma pale mchoro unapokata mhimili wa namba halisi upande wa masafa ya juu. Upande wa chini umeshajumlisha elektrodi.

BintiPwani
Kutolingana kwa vidonge, shuku unyevu. Hewa yetu hii ya Mombasa, masika yakiingia, kabonati ya sodiamu inakunywa maji juu ya mzani (ya potasiamu ndiyo balaa kabisa). Ukipima yenye maji, sodiamu inapungua, uwiano unahama, na sehemu ya mchanganyiko haiyeyuki kwa wakati. Kausha zote mbili kwa nyuzi 200 usiku kucha, zipoe ndani ya desiketa (chombo kisichoingiza unyevu). Kwa gramu 10: seria 7.00, Li2CO3 1.29, Na2CO3 1.71. Hiyo ni moli 52 kwa 48, inayeyuka karibu na 500. Saga na ethanoli, kausha, choma 680 kwa dakika 40 hadi 60, saga tena. Unga wa akiba nao ukae desiketani.

Na jamani, magadi ya Kongowea hapana! Hiyo ni trona: ina bikabonati, na floraidi na kloraidi juu yake.

Mchanganyaji_Tudor
Waya peke yake kwa 600: omu 0.68. Inabaki 0.82, yaani 0.09 S/cm. Niiandike kama upitishaji wa ioni za oksidi?

Mkondo_Likoni
La, bwana. Kwenye mkondo geu Li+ na Na+ nazo zinacheza huku na huko na kuhesabiwa. Seli ikifanya kazi haziwezi kuvuka elektrodi, hurundikana, zikasimama. Tumia mkondo mnyoofu: hewa isiyo na CO2 pande zote mbili kwa O2- (ioni za oksidi), oksijeni pamoja na CO2 kwa ioni za kabonati, haidrojeni kwa H+. Subiri volti itulie ndipo usome. Ile ya haidrojeni iangalie kwa jicho kali: Ce4+ hugeuka Ce3+, elektroni zikapita ndani ya seria, na namba ya H+ ikatoka kubwa kuliko ilivyo.