Roketi za maji siku ya wahandisi wa anga, Kasarani

Swali: Wakuu, Aprili 15, siku ambayo Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilirushwa mwaka 2023, tunataka watoto warushe roketi za maji. Chupa gani, maji kiasi gani?

Jibu: Chupa ya soda ya lita 2. Ya maji ya kunywa ni nyembamba, itapasuka. Maji theluthi moja, kama mililita 650. Pampu ya baiskeli yenye geji (kipima shinikizo la hewa), usivuke shinikizo la baa 4. Watu wakae mita 15 nyuma.

Jibu: Mapezi, yaani mabawa madogo ya roketi, bandika kwa selotepu, karibu na mdomo wa chupa. Supaglu hutia plastiki nyufa, kisha chupa inapasuka ukijaza hewa.

Jibu: Roketi ikibiringika hewani, pua (ncha ya mbele) ni nyepesi. Ongeza hapo gramu 50 za udongo.

Muulizaji: Shukrani. Kizibo cha mdomo wa chupa kikivuja?

Jibu: Zungushia kipande cha tyubu ya baiskeli.