Wenye wanajeshi wastaafu nyumbani, mnaokaa mashambani Marekani: tupeane uzoefu wa matibabu

MamaMissoula
Habari zenu. Mimi natunza wazee majumbani. Leo nilikuwa namwogesha babu mmoja aliyepigana Vietnam, akaanza kumtaja Tester, aliyekuwa seneta wa Montana. Kashindwa uchaguzi tangu Novemba 2024, babu bado ana uchungu. Akakunja vidole vitatu vya mkono wa kushoto kunionyesha vile Tester alivyopoteza vyake kwenye mashine ya kusagia nyama akiwa na miaka 9, huko shambani kwao Big Sandy. "Yule anajua hospitali kuwa mbali." Nimerudi nyumbani nawaza. Hebu semeni yaliyowakuta.

Kaka_Mjeda
Umbali unaua, dada.

BintiPwani
Sisi tuko magharibi ya Kansas. Mume wangu alikuwa Balad, Iraq, 2006. Pale wakichoma kila kitu kwenye shimo, plastiki, betri, madawa, na mafuta ya ndege juu yake. Akarudi na kikohozi. Ameomba fidia kwa idara ya wastaafu mara mbili, mara mbili wakamkatalia: thibitisha kwamba ni ule moshi.
Februari 2019, saa tisa usiku, pumzi ikakata. Zahanati imefungwa, ambulansi ni ya watu wa kujitolea na iko mbali. Nikampakia kwenye pikapu. Akataka dirisha wazi apate upepo, theluji ikawa inamwangukia mapajani. Binti yetu huko nyuma anahesabu pumzi za baba yake kwa sauti, moja, mbili, tatu... akifika nane ananyamaza, anasubiri. Kile kimya sijakisahau. Asubuhi, mume wangu akiwa kwenye oksijeni, ndiyo naambiwa miadi yake ya wiki ile ilishafutwa. Hakuna aliyetupigia simu.

MamaMissoula
Pole sana mdogo wangu. Yu hai?

BintiPwani
Yu hai, alhamdulillahi. Sheria ya PACT, ile ya wanajeshi waliovuta moshi wa mashimo, ilipopita 2022, pumu yake ikahesabiwa ya jeshini bila kudaiwa ushahidi wa moshi.

Kaka_Mjeda
Hiyo ni kazi ya Tester, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wastaafu ya Seneti.

Mzalendo77
Tester peke yake? Julai 27 Seneti iliikwamisha. Wastaafu wakalala kwenye ngazi za Capitol, jengo la Bunge, mpaka ikapita Agosti 2, kura 86 kwa 11. Na ile sheria ya 2018 ya wastaafu kutibiwa hospitali za jirani, aliyesaini ni Trump.

Kaka_Mjeda
Kusaini ni dakika moja. Kuisukuma kamatini ni miaka.

MamaMissoula
Jamani, tusimwache BintiPwani tukagombania maseneta.

Mjomba_Omaha
Wakikukatalia, tafuta wakili mkali.

Kaka_Mjeda
Wakili atakula fidia! Anza na ofisa wa wastaafu wa kaunti, ni bure. Peleka kusudio la kudai leo hii, yaani taarifa kwa idara ya wastaafu kwamba utadai; tarehe hiyo inalindwa mwaka mzima ukiandaa madai yako. Na daini mafuta ya safari ya matibabu ndani ya siku 30, senti 41.5 kwa maili. Ukichelewa, zimekwenda.

BintiPwani
Shemeji yangu alikataliwa 2011. Barua anayo, imechakaa. Nipige picha pande zote mbili?

Kaka_Mjeda
Zote mbili. Na bahasha yake.