Nishone gauni langu la harusi mwenyewe au nimpe fundi? Naombeni ushauri

Mshono_Mmoja:
Wadau, habari za jioni. Naolewa baada ya miezi 7 na kinachoniumiza kichwa ni kimoja tu: gauni.

Nashona huu mwaka wa nne. Si fundi wa kulipwa, nashonea nyumbani kwa cherehani ya kawaida ya umeme, ina mshono ulionyooka na zigizaga, basi. Nimeshona mapazia, sare za watoto wa dada, blauzi, sketi, na magauni mawili yenye bitana ambayo watu waliniuliza nimeyanunua wapi. Satini sijawahi kuigusa. Kitu cheupe pee nacho sijawahi.

Gauni ninalolitaka: satini nzito, kifua kimebana, sketi ya duara zima yenye mkia wa kama mita moja, mikono mirefu ya lesi, na mgongoni vifungo vidogo 30 vilivyovikwa kitambaa. Muda nilionao ni Jumamosi mchana na jioni mbili za katikati ya wiki.

Sababu ya kutaka kushona mwenyewe ni hii. Mwaka juzi nilimpelekea fundi kitambaa cha gauni la sherehe. Alinipima mara moja, akaniambia nije siku ya kuchukua, nikakuta kiuno kimekaa chini ya kitovu na mabegani panavuta. Nikalivaa hivyo hivyo, nimejitanda mtandio usiku kucha. Sitaki yanikute tena siku ya harusi yangu. Mchumba nikimuuliza anasema "utakachoamua ni sawa tu", jibu ambalo halinisaidii hata chembe. Nishone, nisishone?

Nilishajuta:
Usishone. Nasema kwa mapenzi. Mimi nilishona la kwangu na lilitoka zuri, mimi ndiye niliyetoka vibaya. Saa nane usiku wa kuamkia harusi nilikuwa sakafuni napindia upindo kwa mkono, dada yangu kanishikia taa. Nililala kwa saa tatu tu. Kwenye picha gauni linang'aa, macho yangu yamevimba kama nimetoka msibani. Na siku nzima nilikuwa najikagua mshono wa ubavuni kama umeachia, badala ya kusikiliza watu wanachosema.

KilaUziUnaMwisho:
Shona dada! Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuna mabibi harusi waliojishonea magauni kwa kitambaa cha parachuti, tena wengine kwenye cherehani za mkono. Wewe una umeme.

Nilishajuta:
Hao hawakuwa na namna, kitambaa hakikuwepo. Huyu anayo namna.

Mama_Mikasi:
Binti yangu, hongera. Nimeshona miaka mingi, sasa hivi nashonea wajukuu tu. Nimesoma ulichoandika mara mbili, na hakuna mahali umesema unapenda kushona gauni hili. Umesema humwamini fundi. Hayo ni mambo mawili tofauti na kila moja lina dawa yake. Kama ni fundi tu, dawa ni kupimishwa zaidi ya mara moja. Gauni la bibi harusi linalovaliwa mara ya kwanza siku ya kulichukua limeharibika kabla halijakatwa. Mwulize fundi utalijaribu mara ngapi, akikwambia mara moja, mshukuru uondoke.

Kama ni kushona ndiyo unataka, basi tuzungumze kushona.

Mshono_Mmoja:
Shikamoo mama. Umenigusa pabaya, nimekaa na swali lako tangu asubuhi. Ukweli ni yote mawili. Kushona nako nataka. Nikikumbuka yale magauni mawili yenye bitana, kilichonifurahisha zaidi ni ile saa ya kugeuza nguo nje na kukuta ndani kumekaa safi kama nje.

Mama_Mikasi:
Marahaba mwanangu. Basi usinunue satini. Nunua merikani, ile ile rahisi isiyopaushwa, ukate gauni zima la majaribio. Shona kwa hatua ndefu ya sindano, milimita 4, ili kufumua kuwe rahisi. Livae ukiwa na sidiria utakayovaa siku hiyo na viatu vya urefu ule ule. Halafu usisimame tu mbele ya kioo kama picha. Kaa. Inua mikono kama unamkumbatia mtu mrefu. Panda ngazi. Nenda chooni nalo. Kila panapovuta panachorwa kwa kalamu hapo hapo, maana merikani haina thamani ya kuogopewa.

Na mtafute mtu wa kukubania pini mgongoni. Mgongo wako huwezi kuupima mwenyewe. Ukijigeuza kuangalia, kitambaa nacho kimeshageuka.

Mtu_wa_Hesabu:
Mimi sijui kushona ila najua duara. Chukulia kiuno sentimita 72 na sketi ndefu sentimita 105. Duara zima: nusu kipenyo cha tundu la kiuno ni kama 11.5, kwa hiyo kutoka katikati hadi chini ni 116.5. Upindo unazunguka mita 7.3, na hapo mkia bado. Nusu duara: upindo unashuka hadi kama mita 4. Isitoshe, nusu duara bila mkia inatoka kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 150 bila kuungwa, ila duara zima lazima uunge.

Aliyeshikiwa taa hapo juu, la kwako lilikuwa lipi?

Nilishajuta:
Duara zima. Sasa naelewa.

Pini_na_Chaki:
Mleta uzi, kwenye orodha yako satini ndiyo inayonitia wasiwasi, kuliko hata vifungo. Satini haisamehe. Tundu la pini linabaki, la mshono uliofumuliwa ndiyo kabisa. Pini zichomwe ndani ya nafasi ya mshono tu, kwingine piga bandi kwa uzi mwembamba. Sindano iwe mpya na nyembamba, nambari 70, ukiona nyuzi zinavutwa mstari, itoe, imeshabutuka. Vipande vyote vikatwe vikielekea upande mmoja, juu kwa juu, kwa sababu mng'ao wa satini unabadilika ukikigeuza kitambaa, na kipande kimoja kilichogeuzwa kitaonekana cha rangi nyingine kwenye mwanga. Pasi pitisha upande wa ndani, weka kitambaa cha pamba katikati, jaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki.

Halafu weupe haufanani. Kuna weupe wa maziwa, kuna weupe wa chaki, kuna weupe wenye ubuluu. Ukienda kununua lesi chukua kipande cha satini yako, toka navyo nje kwenye mwanga wa jua uvilinganishe. Taa za dukani ni waongo.

Ukitaka nafuu, tafuta krepu nzito. Haing'ai sana, kwa hiyo inaficha makosa ambayo satini ingeyatangaza.

Mshono_Mmoja:
Pini_na_Chaki umenitisha na umenisaidia kwa pamoja. Na damu je? Mimi hujichoma kila wiki.

Mama_Mikasi:
Mate yako mwenyewe. Tafuna kipande cha uzi mweupe wa pamba kilowe vizuri, kigandamize kwenye tone kabla halijakauka, usisugue. Ikibaki, maji baridi, ila yajaribu kwanza kwenye mabaki, hariri nyingine huacha alama ya maji tu. Maji ya moto usithubutu, yanaigandisha damu kwenye uzi. Na kabla ya kuanza safisha cherehani yote, shona mistari kwenye vipande visivyo na kazi mpaka mafuta yaishe kutoka. Tone la mafuta ni baya kuliko la damu.

MpitaNjia77:
Nimekuja kusoma habari za harusi nimekuta habari za damu na mate. Naendelea kusoma.

Chai_ya_Saa_Kumi:
Niongezee jambo la mwili. Miezi 7 ni mingi, mwili hauwezi kukusubiri. Princess Diana mwaka 1981 gauni lake ilibidi liendelee kupunguzwa kiuno kwa sababu alikuwa anakonda kila wakija kumpima, na yeye alikuwa na wabunifu wawili na wasaidizi wao. Kisha kitambaa chenyewe, taffeta, kikajikunja ndani ya gari la farasi, akashuka mbele ya dunia nzima gauni lina makunyanzi. Kwa hiyo mishono ya ubavuni iachie nafasi nzuri, sentimita 2.5 kila upande, na usiikate mpaka siku ya mwisho ya kujaribu. Kitambaa nacho kikunje kiganjani dukani, kishike kwa dakika nzima, uone kinafunguka vipi. Utakaa kwenye gari nacho.

Pini_na_Chaki:
Na hivyo vifungo 30, usivifanye vya kweli. Weka zipu ya kufichika, kisha vishonee vifungo kando yake kama pambo. Asubuhi ya harusi hakuna atakayekuwa na vidole vilivyotulia vya kufunga vitanzi 30.

Nilishajuta:
Kama lazima ushone, basi jiwekee tarehe. Mimi sikuwa nayo. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo.

Mama_Mikasi:
Hapo dada amesema. Nakupa wiki 6 za merikani. Ikifika tarehe hiyo na kifua hakijakaa, beba merikani yako na kitambaa chako umpelekee fundi. Hutakuwa umepoteza kitu. Merikani iliyokukaa mwilini ndiyo kiolezo kizuri kuliko vyote, fundi ataifumua akatie juu yake, na wala hatakuwa na pa kukosea kiuno chako. Usichotakiwa kufanya ni kumpelekea satini iliyokwisha kukatwa vibaya ukitegemea aiokoe. Nimeletewa sana hizo, wenyewe wanalia, mimi siwezi kuotesha kitambaa.

KilaUziUnaMwisho:
Na mkia? Bibi harusi anataka mkia jamani.

Pini_na_Chaki:
Mkia uwe wa shela. Neti haichanui nyuzi, haihitaji hata kupindwa, unaikata tu kwa mkasi mkali na imekwisha. Mita tatu za neti zitaburuta nyuma yake vizuri kabisa, na akitaka kucheza anaivua.

Mshono_Mmoja:
Nimeandika yote kwenye daftari. Nusu duara, krepu, shela ndefu badala ya mkia, zipu na vifungo vya pambo. Mikono ya lesi nabaki nayo, hapo msinibembeleze. Nimemwomba dada awe mtu wa pini, amekubali kwa sharti kwamba nisimpigie kelele. Kesho naenda kununua merikani.

Chai_ya_Saa_Kumi:
Sketi ya nusu duara ukishaiunganisha na kiuno iache ining'inie siku mbili kabla ya kupinda. Sehemu za mshazari zitashuka zenyewe, na bora zishuke kwenye henga kuliko mwilini mwako ukumbini.

*(wiki tano baadaye)*

Mshono_Mmoja:
Wadau nimerudi. Merikani ya kwanza niliitupa, kifua kilikuwa kama mfuko. Ya pili imekaa. Kiuno kiko kwenye kiuno! Nimekaa nayo, nimepanda ngazi nayo, nimeosha vyombo nayo, dada amecheka mpaka pini zikamdondoka. Tatizo limebaki moja: nikiinua mkono gauni zima linapanda nalo, na begani panavuta. Nimeshachonga kwapa liwe pana zaidi mara mbili, kila nikichonga ndiyo linazidi. Zimebaki siku 6 za tarehe ya Mama_Mikasi. Nikubali tu nimpelekee fundi?

Mama_Mikasi:
Mwanangu, umekwenda kinyume. Kwapa likishuka, mkono unaubeba ubavu mzima kila ukiuinua. Kwapa linatakiwa lipande, likaribie mwili, ndipo mkono unapata uhuru wake. Chukua kipande cha merikani, zibia ulipochonga, pandisha sentimita 2, na mkono nao uukate upya ulingane na tundu jipya. Fundi bado. Jaribu kisha ulete picha ya mgongo, mkono mmoja ukiwa juu.

Mshono_Mmoja:
Sawa mama. Nafumua sasa hivi.

*(siku iliyofuata)*

Mshono_Mmoja:
Picha hiyo hapo. Mkono uko juu, kiuno hakijasogea. Dada anauliza kama anaweza kuachiliwa sasa.

Mama_Mikasi:
Nimeiona. Asiachiliwe, bado bitana. Kanunue krepu, na uwaambie wakukatie nusu mita ya ziada.