Mafundi simu, acheni kubadilisha betri kwa kukisia!

Wakuu, hii tabia imezidi. Mteja akitamka tu "inaisha chaji haraka", fundi ameshafungua simu, amepachika betri nyingine na anadai hela. Hajapima kitu! Kumbe mbovu ni sistimu chaji (sakiti inayosimamia kuchaji), au kuna programu inayokula chaji usiku kucha.

Betri iliyochoka inajulikana. Simu inazima ikiwa na 30% ukifungua kamera, ukichomeka chaji inawaka na kukuonyesha 28%. Ukinzani wa ndani ya betri (kile kinachozuia umeme kupita) umepanda, kwa hiyo ikidaiwa umeme mwingi kwa mkupuo volti zinaporomoka na simu inajizima. Lakini chaji ikishuka taratibu bila kuruka, kwanza angalia kwenye mipangilio ni programu gani inakula. Ikichaji kwa kusuasua, safisha tundu la chaji, jaribu waya na kichwa kingine. Hayo ni bure, ndiyo maana hamuambiwi.

Wenye iPhone, someni Afya ya Betri kwenye mipangilio. Ikishuka chini ya 80%, badilisha. Simu kuwa nzito nako kunaweza kuwa betri: Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka, kisha wakashusha bei ya kubadilishiwa kutoka dola 79 hadi 29.

Iliyovimba haina mjadala. Kioo kikinyanyuka au mfuniko wa nyuma ukiachia, usiichaji tena. Halafu eti kuna mafundi wanaitoboa kwa sindano "gesi itoke"! Gesi hiyo inawaka, na sindano ikigusanisha tabaka za ndani ni shoti papo hapo. Mtaunguza fremu nzima ya duka la watu.

Tuje kwenye betri zenyewe. Simu ilitoka kiwandani na mAh 3000 (kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), nyie mnauza yenye umbo lilelile imeandikwa 5000. Hizo 2000 zimekaa wapi, kwenye stika? Na "mpya" iliyolala kabatini miaka mitano si mpya, lithiamu inazeeka hata bila kutumika. Mteja, dai tarehe ya kutengenezwa na ipimwe kwa multimeta (mita ya kupimia umeme) kabla ya kufungwa. Ikisoma karibu na volti 3.8, sawa. Chini ya 3, irudi kwenye boksi lake.

Kufunga nako vurugu tupu. Chaji ishushwe chini ya 25%, simu izimwe, konekta ya betri ichomolewe kabla ya kugusa kingine chochote. Gundi inalainishwa kwa matone ya spiriti ya isopropili ya 90% kwenda juu, unasubiri dakika mbili tatu, unanyanyua kwa kijiti cha plastiki. Bisibisi ya chuma chini ya betri ni kutafuta moto.

Mnaotetea betri zenu za "OG" (orijino), wekeni hapa picha ya mita ikisoma, stika tumeshaziona.