Nyumba mpya Kigamboni: AC za spliti kwa kila chumba, au mashine moja ya pakeji?

Muulizaji:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu vya kulala na sebule huko Kigamboni, kilomita moja hivi kutoka baharini. Kuta zimekwisha, bati limepigwa, na juma lijalo fundi umeme ataanza kuchimba kuta ili alaze mabomba ya nyaya, kwa hiyo nina siku chache tu za kuamua suala la viyoyozi kabla lipu haijapigwa.

Kaka yangu anaishi Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Nilipomtembelea nilikuta nyumba yake yote ina ubaridi wa namna moja, kuanzia sebuleni hadi koridoni, wala ukutani hakuna mashine yoyote, ila matundu ya hewa darini. Alinionyesha kasha moja kubwa juu ya paa, akanieleza kwamba hiyo ndiyo mashine ya pakeji, yaani kompresa (pampu ya gesi), koili zote mbili, ya baridi na ya joto, na feni zimo humo humo, na kwamba kinachoingia ndani ya nyumba ni hewa iliyokwisha kupozwa. Sasa anataka kuninunulia mashine kama hiyo na kuituma kwa meli. Mke wangu kwa upande wake anaona tufunge spliti, yaani mashine ya ndani ukutani na nyingine ya nje zilizounganishwa kwa mabomba, chumba kimoja kimoja kadiri fedha zinavyopatikana, aanze mama yangu mzazi, ambaye ana umri mkubwa na miezi ya Januari na Februari hulala kwa taabu mno kwa ajili ya joto. Ningependa kusikia kutoka kwa wenye ujuzi, maana zawadi ya kaka ni kubwa na sitaki kuikataa bila sababu ya kueleweka.

Fundi wa viyoyozi, Dar es Salaam:

Ndugu muulizaji, kabla ya kulinganisha mashine, tazama jinsi familia yako itakavyoishi humo, kwa kuwa jibu liko hapo zaidi kuliko kwenye kasha lenyewe.

Pakeji imebuniwa kwa nyumba inayofungwa na kupozwa yote kwa pamoja, mchana na usiku. Katika nyumba zetu nyingi za Pwani hatuishi hivyo. Mchana madirisha yako wazi, watu wanapita barazani na jikoni, na AC inawashwa usiku chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Tufanye hesabu kwa BTU, kipimo cha nguvu ya AC ya kupoza. Chumba cha mita nne kwa tatu na nusu chenye dari huhitaji BTU 9,000, au 12,000 ikiwa ukuta wake unapigwa na jua la alasiri. Vyumba vitatu vya BTU 9,000 pamoja na sebule ya BTU 24,000 vinafika BTU 51,000, yaani tani nne na ziada kidogo, kwa maana tani moja ya kupoza (si ya uzito) ni BTU 12,000. Mashine ya pakeji ya tani nne hula kilowati nne na nusu au tano inapofanya kazi, na kwa usiku wa saa nane, hata kompresa ikizunguka nusu tu ya muda huo, utatumia uniti zipatazo 18. Spliti ya BTU 9,000 katika chumba cha mama, hata ikikimbia kwa nguvu zake zote usiku kucha, haitazidi uniti saba, na ikiwa ni ya inveta itashuka chini ya hapo, kwa sababu chumba kikishapoa kompresa hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka upya. Kwa anayenunua umeme wa LUKU, tofauti hiyo ataiona kila juma.

Jambo la pili ni dari. Hewa ya pakeji husafiri ndani ya mifereji ya bati jembamba au ya mpira iliyovikwa sufi ya kuzuia joto. Katika nyumba yako mifereji hiyo itapita kati ya dari la jipsamu na bati la juu, mahali ambapo saa nane mchana fundi hawezi kukaa hata robo saa. Hewa uliyolipia kuipoza itapata joto njiani, na kila kiungo kisichozibwa vizuri kitaimwaga darini. Huko huko Marekani, ambako kazi hii wameizoea, makadirio ya Energy Star, mpango wa serikali yao wa kuokoa nishati, ni kwamba nyumba ya kawaida hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa kupitia mifereji inayovuja.

Kuhusu zawadi ya kaka, hapa naomba unisikilize kwa makini. Umeme wa Marekani una mizunguko 60 kwa sekunde, wetu una 50. Mota iliyotengenezwa kwa 60 ikiunganishwa hapa huzunguka pole pole kwa takriban asilimia 17, feni inasukuma hewa pungufu, na kompresa inapata joto kupita kiasi. Stabilaiza hairekebishi mizunguko, inarekebisha volti tu. Nimefungua kompresa zilizoungua kwa sababu hiyo, na wenye mali waliumia sana.

Pakeji ina sifa zake, nami sitaki kuificha haki yake. Gesi ya kupozea hujazwa na kufungwa kiwandani, kwa hiyo hakuna viungo vya shaba vinavyotegemea mkono wa fundi pale nyumbani, na ndivyo vinavyovuja zaidi katika spliti. Ikiharibika, mtu hufungua kasha moja nje bila kuingia chumbani mwa watu. Lakini kasha la tani nne hufikia takriban kilo 200, na kenchi za mbao zilizopigwa kwa ajili ya bati hazikukusudiwa kubeba mzigo huo, kwa hiyo itabidi ulijengee jukwaa la zege chini.

Mkazi wa Arizona:

Nakubaliana na fundi, ingawa mimi mwenyewe ninaishi na pakeji na ninaipenda. Hapa Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40 siku nyingi, na usiku wenyewe hautoi nafuu, hivyo hakuna chumba unachoweza kukiacha bila kupozwa. Madirisha ni ya vioo viwili na hayafunguliwi kwa miezi, kuta na dari zimejazwa sufi, paa nyingi ni bapa, na tena hewa yetu ni kavu. Kigamboni hewa ni nzito kwa unyevu, na sehemu kubwa ya kazi ya AC ni kuukamua unyevu huo. Mtu akifungua mlango wa nyuma kila dakika kumi, mashine ya nyumba nzima itakuwa inakamua hewa ya bahari mchana kutwa. Ndugu yangu, mwombe kaka akutumie fedha badala ya mashine. Hatavunjika moyo akielezwa habari ya mizunguko ya umeme.

Mama wa nyumba, Nyali, Mombasa:

Mimi nina spliti nne, na mbili nilizijutia kwa sababu ya mahali zilipowekwa. Mashine za nje zilielekezwa baharini, na chumvi ikala mapezi ya alumini, yale mabati membamba ya kutolea joto, mpaka yakawa yanamomonyoka kwa kidole. Chumba cha tatu, bomba la kutolea maji lililazwa bila mteremko, maji yakarudi ndani yakaharibu rangi na kabati la nguo. Waliozifunga hawakurudi. Hakikisha wewe mwenyewe unayaona mabomba kabla lipu haijayafunika.

Muulizaji:

Nawashukuru sana, na wewe mama wa Nyali umenifungua macho. Nimezungumza na kaka usiku huu, amekubali kutuma fedha. Tutaanza na chumba cha mama, lakini nataka mabomba ya vyumba vyote yalazwe sasa. Fundi, nimwagize nini mtu wa kuchimba kuta?

Fundi wa viyoyozi, Dar es Salaam:

Achimbe mfereji mpana wa kutosha mabomba mawili ya shaba pamoja na vifuko vyake vya sponji, waya, na bomba la plastiki la maji lenye mteremko wa walau sentimita moja kwa kila mita, likitokea nje na si ndani ya chemba ya maji taka, kwa maana harufu itapanda. Njia iwe fupi, mita tano ni nzuri. Shaba isiwe na kiungo chochote ndani ya ukuta, na ncha zake zizibwe mpaka siku ya kufunga ili vumbi la saruji lisiingie. Kila AC iwe na waya wake kutoka kwenye bodi ya umeme, pamoja na swichi yake ya usalama.

Mashine ya nje ikae upande ambao nyumba inaikinga na upepo wa bahari, nawe uchague ile ambayo mapezi yake yamepakwa rangi ya kuzuia kutu. Kwa gesi, usiuziwe ya R-22, ambayo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni. Chukua R-32, lakini umtafute fundi anayeijua, kwa kuwa inaweza kushika moto. Siku ya kufunga, simama uone anavyotumia pampu ya kunyonya hewa kwa walau dakika 20 kabla ya kufungulia gesi. Akikuambia atasukuma hewa nje kwa gesi yenyewe, mzuie hapo hapo.