Wese likipanda, dereva boda wa app anabaki na nini?

BodaUbungo:
Wakuu habarini. Napiga boda ya app hapa Dar, pikipiki Boxer ya mkataba, hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye chombo ni elfu kumi kila siku na hataki kusikia habari za mvua. Sasa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, wakitoa mkeka wa bei mi roho inadunda, maana petroli ikipanda nauli kwenye app haiguswi, inabaki vilevile. Wenzangu mnatokaje?

MzeeWaHesabu:
Dogo chukua kalamu. Ukikimbia kilomita 120 kwa siku na chombo kinakula lita kwa kilomita 40, hizo ni lita 3. Lita ikiongezeka 400 umepigwa 1,200. Mtu atasema buku na mia mbili ndo nini, ila haitoki kwa tajiri wala kwenye kamisheni inayokatwa na app, inatoka kwenye kile kidogo ulichobakiwa nacho, yaani chai na chapati zako. Agosti 2022 petroli Dar ilifika 3,410, nilikuwa road, jamaa zangu wawili walirudisha pikipiki.

DadaKizuiani:
Samahani kaka zangu mi abiria. Kumbe ndo maana naita boda nikiulizwa "dada unaenda wapi" nikijibu tu anakansel??

BodaUbungo:
Dada tusameheane bure 😅 kukufuata kilomita 3 silipwi, ni wese langu, halafu safari yenyewe kilomita 2 na app inakata chake.

KijiweniTu:
Hapo kwenye kukata ndo penyewe. 2022 LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, walishusha kamisheni hadi asilimia 15, kampuni moja ikasitisha huduma, wakaja kupandisha hadi 25 ndo ikarudi mwanzoni mwa 2023. Mi nawasha app asubuhi tu watu wakienda kazini na napokea za karibu, mchana niko kijiweni, bei tunapatana uso kwa uso na wese likipanda tunapandisha siku hiyohiyo. Ila usidhani ni raha, foleni ya kijiwe unaweza kukaa masaa mawili hujabeba hata mzigo wa mkaa.

BodaUbungo:
Poa nitajaribu. Na tajiri nikimwomba apunguze hesabu japo hadi nane, atanisikia?

MzeeWaHesabu:
Atakusikia vizuri tu, jioni funguo anazo mwingine.