Nimeuziwa sabufa mpya bila sababu, kumbe maongezi ya muvi yalikuwa yanatokea kwenye tundu lisilo na waya!!

Wakuu, huu uzi naandika nikiwa na hasira kwahiyo mtanivumilia, na kama yule fundi wa pale Majengo yupo humu asome mpaka mwisho.

Iko hivi. Nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, nyumba ya kupanga, mimi na mama mwenye nyumba tunatenganishwa na ukuta mmoja. Nina desktop ya mtumba na sabufa yangu ya zamani, spika mbili na lidude la besi, haijawahi kunisumbua. Mwezi wa sita kompyuta ikaleta ukorofi nikaipeleka kwa fundi akapiga Windows upya, akanirudishia na maneno mengi, eti nimekuwekea na sauti ya 5.1 bosi wangu, sasa hivi utakuwa kama upo sinema. Nikampa na hela ya soda juu. Mjinga mimi.

Kuanzia hapo muvi zikawa mateso. Watu wanaongea, midomo inacheza, sauti inakuja kwa mbali kama wametumbukia kwenye simtanki, unaongeza, unaongeza, sabufa inafika mwisho unahamia kwenye VLC, ile programu ya kuchezea muvi, unaipeleka mpaka asilimia 125, angalau unaanza kuokota neno moja moja, ghafla gari linalipuka, bati linatetemeka, mtoto kaamka analia. Na baridi hii ya Dodoma ya mwezi wa saba saa mbili usiku watu wote wameshajifungia, nje upepo tu, mlipuko mmoja unasikika mpaka mtaa wa pili. Mama mwenye nyumba mara ya kwanza aligonga kistaarabu, "mwanangu, kwema humo?" Mara ya pili hakuuliza kwema. Ikafika hatua naangalia muvi nimekaa sakafuni pembeni ya sabufa, wakiongea nazungusha juu, wakianza kupigana nazungusha chini, waifu akanuna akasema bora tuangalie taarabu.

Nikarudi kwa fundi na sabufa yangu. Akachomeka simu yake, akaweka singeli, ikadunda safi kabisa. Akaniangalia kama kiziwi ni mimi. Nikamwambia fundi muziki hauna shida, shida muvi. Akafikiria kidogo akasema eti spika zangu zimechoka, kwenye muziki zinajikaza ila kwenye muvi zinazidiwa. ZINAJIKAZA! Af kwa bahati nzuri, nzuri kwake, duka la jirani yake kuna sabufa mpya. Laki moja na themanini. Nikatoa nusu, nusu nikamalizia mshahara ulipotoka.

Nikairudisha nyumbani kwenye bodaboda nimeikumbatia kama mgonjwa, nikachomeka, nikaweka muvi ile ile. Shida ile ile, tofauti ni kwamba mlipuko sasa hivi mkubwa zaidi.

Aliyeniokoa ni dogo mmoja mpangaji mwenzetu, anasoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na wala hasomei mambo ya sauti. Akauliza swali moja tu, kaka una spika ngapi? Nikamwambia mbili. Akafungua setingi za sauti za Windows, akaenda palipoandikwa Configure, kukawa na mchoro wa spika zimezunguka kiti, akabonyeza Test. Ya kushoto ikalia, ya kulia ikalia, ya katikati kimyaaa. Za nyuma nazo kimya.

Sasa sikilizeni maana hapa ndo nilipoumia. 5.1 ni njia sita za sauti: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, mbili za pembeni kwa nyuma, na ile .1 ya besi. Na kwenye muvi maongezi karibu yote wanayaweka njia ya KATIKATI. Kompyuta ikiambiwa una spika sita inakuamini, inagawa kila njia kwenye tundu lake. Nyuma ya mashine yangu tundu la kijani ni la zile mbili za mbele, jeusi ni la nyuma, la rangi ya chungwa ndo la katikati na besi. Mimi nimechomeka waya mmoja tu, kwenye kijani. Kwahiyo miezi yote hiyo watu walikuwa wanaongea kwenye tundu la chungwa ambalo halijawahi kuona waya tangu limezaliwa, na nilichokuwa nasikia ni mabaki tu, mwangwi na muziki wa kusindikiza. Dogo akachagua Stereo, akabonyeza sawa, tukaanza kusikia watu. Sekunde kumi hata hazikufika.

Na ndo maana singeli ilidunda! Nyimbo zetu hizi ni stirio, njia mbili tu, zote zinapita kwenye kijani. Yani fundi kapima kwa kitu ambacho hata iweje kisingeonyesha ugonjwa, af akaandika dawa ya laki moja na themanini.

Nisiwadanganye, haikuisha yote. Maongezi yakabaki chini kidogo ukilinganisha na mabomu. Dogo anasema njia sita zikikunjwa kuwa mbili, ile ya katikati inapunguzwa desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) inagawiwa kushoto na kulia, za nyuma nazo zinaongezwa humo humo, af ili mzigo wote usizidi kiwango sauti ikaanza kukwaruza, programu nyingine zinashusha kila kitu kwa pamoja. Na muvi yenyewe imetengenezwa mnong'ono uwe mnong'ono na bomu liwe bomu, ukumbini sawa, siyo chumba cha Nkuhungu. Hiyo tumeitibu kwenye VLC, bonyeza Ctrl na E, nenda kwenye Compressor (kinachobana makelele makubwa), weka tiki, kile cha Threshold (kiwango ambacho sauti ikikivuka inabanwa) shusha kidogo kidogo mpaka makelele yatulie, af Makeup gain (kinachopandisha sauti yote baada ya kubanwa) pandisha ili maongezi yafuate. Usipandishe kwa tamaa, itaanza kukwaruza. Angalia pia kama faili lina sauti zaidi ya moja, bonyeza herufi b, mara nyingine kuna ya stirio imekaa humo humo imejinyamazia.

Wanaoangalia muvi kwenye tv kwa flashi siwasemei sana, ila kwa jirani yangu tuliingia setingi za sauti tukatoa kwenye Bitstream (tv inatoa sauti bila kuifungua) tukaweka PCM (tv inaifungua yenyewe kwanza), ikakaa sawa.

Nilipoenda dukani kudai changu nikaambiwa bidhaa ikishatoka hairudi, af fundi akawa "bize na mteja", mteja mwenyewe simuoni. Mama mwenye nyumba siku hizi ananisalimia, hilo tu ndo nimeambulia.

Sabufa ya zamani nimeirudisha kazini. Mpya ipo kwenye boksi, nauza, bei tutaongea, anayeitaka aje aijaribu nyumbani. Ila uje na muvi yako, singeli sitaki kuisikia.